Wimbo wa Kuonyesha Viganja

Benchi la kungojea sindano lilikuwa la mninga, urefu wa futi kumi na mbili, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Najua kwa sababu mimi ni seremala, na kwa karibu miaka miwili nililikalia kila Jumanne na kila Ijumaa nikingoja kuitwa. Ikiwa unasoma haya ukiwa juu ya benchi la namna hiyo, au mwanao yuko juu yake, nimeyaandika kwa ajili yako. Habari za wadudu na damu nawaachia waliosomea. Mimi shule sikwenda. Herufi niliziokota moja moja kwenye maboksi ya baruti na magazeti ya kufungia sukari. Nitasema tu niliyoyaona.

Ugonjwa ulinikuta Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia. Kazi yangu ilikuwa kuchonga magogo ya kuegemeza mwamba usiwaangukie watu walio chini. Siku moja tukiwa karakana nikasikia harufu ya nyama inayoungua. Nikauliza, "Nani anachoma nyama, na saa ya chakula bado?" Mwenzangu hakugeuza kichwa. Alinyoosha kidole tu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala juu ya chuma kilichotoka motoni, nami sikuwa na habari.

Nusu mwaka kabla ya hapo nilikuwa na baka kwenye kiwiko, limepauka kidogo, lisilowasha. Nilidhani ni choa. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu choa huwasha. Baka lisilowasha, ambalo ukiligusa kwa ncha ya mwiba halisikii, usikae nalo hata wiki moja.

Zahanati ya mgodi waliniandikia karatasi, na kesho yake nikapandishwa peke yangu nyuma ya lori tupu lililokuwa likifuata pamba. Kambi ya wagonjwa wa ukoma ilikuwa upande wa Shinyanga, imezungushiwa ua wa minyaa mirefu kuliko mtu. Ndani yake kulikuwa na nyumba za udongo, zahanati moja ya bati, shamba, na makaburi. Msimamizi alikuwa muuguzi wa Kizungu, mwanamke, tuliyemwita Bibi tu. Aliyetuchoma sindano ni dresa, yaani mfunga vidonda, Ramadhani, mtu wa Tabora, mwenye mkono mwepesi na ulimi mkali.

Sindano zilikuwa za mafuta mazito. Ziliacha uvimbe kama kokwa za embe chini ya ngozi, na jioni homa ilikuja. Nyusi zangu zilipukutika. Masikio yakanenepa. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vikaanza kujikunja, nami kila mwezi nilipima kwa rula yangu ya kukunja nafasi iliyobaki kati ya ncha ya kidole na kiganja. Nafasi ilipungua. Niliendelea kupima. Nadhani kupima kulinisaidia zaidi ya mafuta, maana kulinipa kitu cha kufanya.

Mke wangu, Mama Limi, alibaki Ushetu kwenye tumbaku yetu. Alikuja kuniona mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno na kabla ya mvua. Bibi hakuwakataza wageni kuingia kambini. Woga ndio uliowakataza. Ua ulikuwa na pengo, na kwenye pengo kulikuwa na gogo. Yeye alikaa upande wake wa gogo, mimi upande wangu, hatua kama sita kati yetu.

"Kaka zangu wamekuja tena," aliniambia safari ya pili. "Wanasema nirudi kwetu. Eti mume niliyeolewa naye amekwisha."

"Nawe umewajibuje?"

"Nimewaambia tumbaku haijakauka."

Safari ya tatu hakuja peke yake. Ilikuwa kiangazi, vumbi limejaa hewani, na nyuma yake alitembea binti yetu Limi, ana miaka kumi na minne, amejifunika kanga hadi machoni. Mama yake alishika upande wa kanga akaushusha, nami kutoka hatua sita nikaliona baka shavuni. Kisha Limi akanyoosha mkono wa kulia. Kidole kidogo kilikuwa kimeanza kuinama kama changu.

Alivuka gogo, mama yake akabaki. Sijui nani kati yetu watatu alilia. Nakumbuka Mama Limi akisema, "Mwangalie macho," nami sikuelewa kama alimaanisha nimtazame machoni au nimlinde.

Siku hiyo nilimfuata dresa Ramadhani pale alipokuwa akichemsha sindano zake.

"Dresa, ni mimi niliyempa?"

"Fundi, swali hilo sina dawa yake," akasema. "Nina dawa ya Jumanne na Ijumaa. Mlete."

Vijana walikuwa na nyumba yao, tisa na Limi wa kumi, mabinti chumba cha mashariki na wavulana cha magharibi. Wengi wao hakuna aliyewatembelea. Wakubwa tulikuwa tumeacha kitu nyuma: kazi, mke, shamba. Wao walikuwa hawajaanza chochote. Mchana kutwa walilala, nyuso ukutani. Limi alichagua kitanda cha mwisho, akageukia ukuta, akakaa hivyo kiangazi chote. Alikuwa akiinuka kwenda kwenye benchi la sindano na kurudi. Nilimletea uji. Nilimsomea gazeti kuukuu. Nilimpa habari za magogo na mashimo ya Geita. Alikuwa akisema, "Ndiyo baba," na ukuta ukamsikia kuliko mimi.

Mmoja tu hakulala. Aliitwa Shija, kijana wa miaka kumi na saba, aliyekuwa akichekecha mchanga wa dhahabu mtoni kabla mguu wake wa kushoto haujafa ganzi. Kwenye benchi alikuwa mzaha mtupu.

"Dresa, leo nichome huu mguu wa ng'ombe," alikuwa akisema. "Ukipiga kelele ujue si mimi."

"Nitakuchoma ulimi," dresa alimjibu. "Ndio pekee ulio mzima."

Mvua ya kwanza ilinyesha. Kambi ilijilisha yenyewe, hivyo kila mwenye nguvu aliagizwa shambani. Watu wazima tulitoka. Nyumba ya vijana haikutoka mtu. Bibi alikwenda kuwasihi, akarudi amechoka. Kisha Shija akatoka akichechemea, na debe tupu la mafuta ya taa mkononi, akaketi kwenye tuta.

"Babehi," akawaita wenzake kwa Kisukuma chao, "mnaambiwa mlime bila ngoma, kama punda? Hata mimi ningelala."

Akaanza kupiga.

Kwa ambaye hajaishi huku, niseme kwa ufupi. Wasukuma wana ngoma ya jembe, bugobogobo. Wakulima hujipanga mstari mmoja, ngoma inapigwa, manju anaimba, na majembe yote yanapanda na kushuka kwa pigo moja. Wenye ustadi huyarusha juu, yakazunguka, wakayadaka na kulima bila kukosa pigo. Shamba linakwisha watu wakidhani walikuwa wanacheza. Vikundi hushindana vikicheza kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi wa kuinua mkono. Watazamaji huhukumu kwa miguu: kikundi wanachokiendea ndicho kilichoshinda.

Siku ya kwanza walitoka vijana wanne. Siku ya tatu saba. Siku ya tano niliinua uso nikamwona Limi amesimama mlangoni, kanga imeshuka mabegani, midomo inacheza. Alikuwa akisahihisha wimbo wa Shija.

"Umekosea," alimwambia, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mtu wa nyumba ile. "Jembe linashuka kwenye neno la mwisho. Wewe unaliacha hewani."

"Basi njoo uimbe wewe, mayu, mimi nina mguu mmoja tu," Shija akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Akaja. Kufikia mahindi ya magotini alikuwa ndiye manju wao. Alitunga nyimbo za benchi, za uvimbe wa sindano, za dresa na ulimi wake. Alikula. Alinisalimu kabla sijamsalimu: "Shikamoo baba, umelalaje?" Nami nilikuwa nikijibu marahaba, nikigeuka kuangalia kitu kingine.

Sasa nafika mahali ninapopaona pagumu kuandika.

Nilitaka kumpa zawadi. Nilichonga mpini wa jembe kwa mti mgumu, mwembamba, mwepesi, kama ipendavyo bugobogobo, ili uruke na kuzunguka vizuri. Niliusugua kwa kipande cha chupa, kisha kwa majani makavu ya msasa, nikaupaka mafuta ya nyonyo hadi ukang'aa. Kila kijana akataka wa kwake, nikawachongea wote kumi. Katika maisha yangu ya useremala sijachonga vitu vizuri kama vile.

Wiki ya pili, mwisho wa wimbo, Shija aliacha debe.

"Limi, umeshika nini?"

Mpini ulikuwa mwekundu. Limi alitazama kiganja chake kama unavyotazama kitu cha mtu mwingine. Ngozi ilikuwa imetoka kuanzia shina la kidole gumba hadi kwenye kidole kilichoinama, na hakuwa amesikia lolote. Tukawakagua wenzake. Watano walikuwa na malengelenge, mmoja yamepasuka.

Mkono uliokufa ganzi haujui unabana kiasi gani. Mpini laini unateleza, mkono unabana zaidi. Mpini mwembamba unaukata palepale kila pigo. Mimi, niliyekuwa na mkono wa namna hiyo mwilini mwangu, niliyeunguza kiganja bila kujua, niliwachongea watoto mipini ya watu wenye mikono mizima. Sikuwaza. Niliwaza uzuri wake.

Bibi alikusanya majembe yote akayafungia stoo. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema ngoma imekwisha, vidonda kwanza. Kidonda cha Limi kilishika usaha, na dresa alikisafisha kila asubuhi kwa wiki sita.

"Atakipoteza kidole?" nilimuuliza.

"Kidole kimoja labda. Akipata kidonda kingine kama hiki, mkono." Akafunga bandeji. "Lakini mtazame, Fundi. Kidonda kinapona, mwenye kidonda haponi."

Limi alikuwa amerudi ukutani. Na wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Palikuwa kimya hata Shija akaanza kulala.

Nikafanya nijualo. Nilichukua masizi ya sufuria, nikayapaka kwenye mpini, nikaushika na kulima matuta matatu, kisha nikafungua mkono. Masizi yalikuwa mstari mmoja mweusi, mwembamba, kwenye mizizi ya vidole. Hapo ndipo uzito wote ulipokaa. Nikachonga mpini mnene zaidi, nikajaribu. Mstari ukapanuka. Nikachonga mwingine, mnene kama kifundo cha mkono wa mtoto, sikuupiga mafuta, nikauzungushia vipande vya blanketi kuukuu. Nilipofungua mkono, masizi yalikuwa yametawanyika kiganja kizima, kijivu, kama kivuli. Nilirudia majaribio hayo kwa siku kumi na moja, mara sita kila siku, kwa mikono yangu yote miwili, kwa kuwa mmoja ulisikia na mwingine haukusikia.

Nikaupeleka kitandani kwa Limi. Ulikuwa mbaya kuutazama, kama mguu uliofungwa bandeji.

"Huu hautakukata," nikamwambia.

Aliukamata bila kugeuka, akaupima uzito.

"Baba, mpini hauna macho," akasema. "Huu utanikata polepole tu. Nitajuaje?"

"Utaangalia mkono wako."

"Nikiwa naimba? Nani anaangalia mkono wake akiwa anaimba?"

Niliuacha mpini pale nikaondoka. Kwa kweli siku ile nilikuwa nimechoka kiasi cha kutamani na mimi kitanda kilichotazama ukuta.

Asubuhi ya tatu nilisikia debe. Sikuamini. Nilikwenda nikawakuta wote kumi nje, Shija kwenye debe, wengine mikono mitupu, wamejipanga mstari, Limi katikati na bandeji yake. Walikuwa wakicheza bila majembe. Manju aliimba, wakainama, wakainuka. Na kila ubeti ulipokwisha, debe lilinyamaza, kila mmoja akageuza viganja juu, akamgeukia wa kulia kwake, na huyo akaviinamia akavisoma. Kisha debe likarudi. Maneno yalikuwa haya:

*Mkono wangu ni bubu,*
*umeumia, hausemi;*
*nisomee, mwenzangu, nisomee,*
*nami nitakusomea wako.*

"Mtu haangalii mkono wake akiwa anaimba," Limi akaniambia. "Lakini wa jirani ataangalia, kama wimbo unamwamuru."

Bibi aliletwa kutazama. Alisimama na dresa Ramadhani pembeni ya shamba, akaruhusu mipini mipya minne, kwa saa moja, kwa sharti kwamba dresa mwenyewe akague mwisho. Dresa alikagua viganja vinane, akatafuta, akavaa miwani, akatafuta tena.

"Bibi, hakuna," akasema. "Nimeona uchafu tu."

"Uchafu huo ni wangu halali," Shija akasema.

Nikachonga mipini kumi. Nikamchongea Shija na kiatu cha mti chenye ngozi ya ng'ombe ndani, na wimbo ukaongezwa ubeti wa nyayo. Msimu ule hakuna kijana aliyepata kidonda kilichofika kwenye usaha. Na mvua zilipokaribia kwisha, sindano ziliachwa, vikaja vidonge. Dresa alisema ndivyo vitakavyotuponya, na vilituponya, taratibu, kwa miaka. Sipunguzi sifa za vidonge. Lakini mtu aliyegeukia ukuta hamezi kidonge. Niliwahi kuviokota chini ya vitanda vya watu wazima.

Baada ya mavuno nyumba ya vijana iliwaalika wanaume wakubwa kushindana, jembe kwa jembe, mistari miwili kwenye uwanja mmoja. Ndizo zilikuwa siku za wageni. Walikuja kama thelathini, wakasimama nje ya pengo la minyaa, nyuma ya gogo, kama kawaida. Mama Limi alikuwa miongoni mwao, na kikapu cha viazi. Barua yangu ilimweleza habari za kidonda; habari za ngoma sikuziandika, niliogopa kuahidi.

Madebe mawili yakaanza. Sisi wakubwa tulikuwa na nguvu. Wale walikuwa na Limi. Mizunguko mitatu ikapita, nao watazamaji wamesimama palepale, na Shija akapaza sauti:

"Enyi wageni! Mnahukumu kwa macho? Huku kwetu miguu ndiyo inayohukumu! Au na yenu imekufa ganzi?"

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichowavusha. Mzee mmoja alipiga hatua juu ya gogo, mwingine akafuata, kisha wengi, na wakaupita mstari wetu bila kutuangalia, wakaenda kwa vijana. Sijawahi kushindwa nikajisikia vizuri hivyo. Mama Limi alikuwa wa mwisho. Alisimama juu ya gogo, kikapu kichwani. Nilihesabu pumzi zangu hadi tisa. Akavuka. Alifika mwisho wa mstari, upande wa kulia, ambako Limi alikuwa sasa, kwa kuwa manju hutembea.

Ubeti ukaisha. Debe likanyamaza. Vijana wote wakageuza viganja kwa wa kulia kwao. Limi akageuka, na wa kulia kwake hakuwa mchezaji.

Hakuishusha mikono. Aliishikilia hapo, wazi, mbele ya mama yake, ambaye kwa karibu mwaka mzima hakuwa amemgusa. Hata Shija, kwa mara moja maishani mwake, hakutia neno.

Mama Limi aliweka kikapu chini. Akavishika viganja, kimoja, kisha cha pili. Akavisogeza kwenye jua. Alivisoma pole pole, kama mimi nilivyosoma maboksi ya baruti, kidole kwa kidole, kovu kubwa, kidole kilichoinama. Kisha akakomea mahali pamoja.

"Hapa kuna mwiba," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Umeingia wote. Huusikii?"

"Siusikii, mama."

Akainama, akautoa kwa meno, akautema. Akaangalia tena, akafuta damu kwa upindo wa kanga yake.

"Haya," akamwambia. "Imba."

Tulirudi Ushetu mimi na Limi baada ya vipimo kuwa safi, yeye mwaka mmoja kabla yangu. Vidole vyangu viwili havikunyooka. Chake kimoja kilifupika. Baka la shavuni limebaki kivuli, na wapo majirani wanaokunywa maji kwetu na wapo wasiokunywa. Nachoka upesi. Seremala mwenye vidole vinane hufanya kazi ya siku moja kwa siku mbili, na nimezoea kuomba radhi.

Nyumbani mipini yote ni minene, imefungwa vipande vya blanketi. Tukitoka shambani Mama Limi hutuketisha nje, mimi na binti, kabla jua halijazama, maana mwiba hauonekani vizuri kwa kibatari. Hasemi pole wala habari za kazi. Anasema, "Onyesheni," na sisi tunageuza viganja.